Moja ya Kumi ya Mwanga

Mwanangu Yunisi,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na hali yangu umeiona mwenyewe nikipasua kuni kama nagombana nazo, kwa hiyo hapo tuparuke. Umeteremka Soni kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi yako hutarudi kabla jua halijazama. Nafasi hii nilikuwa naivizia tangu wiki iliyopita. Mambo ya chandarua, na kula kwa wakati, na kuangalia begi lako, shangazi yako ameshakwambia mara tatu na kesho atakwambia tena pale stendi. Mimi hayo simo.

Ninachotaka kukwambia ni kwa nini lile boksi la mapeasi hapo mlangoni ni lako peke yako. Jana uliniuliza, "Mama, la baba Mathayo liko wapi?" nikajitia natafuta chumvi. Tangu ubatizwe, kila msimu Mathayo amekula mapeasi ya mti wetu. Mwaka huu hapati hata moja. Na ndiye baba yako wa ubatizo, aliyekushika kanisani ukipiga kelele kama unachinjwa. Ndiye aliyekuombea kazi hii unayoiendea Dar, na ndiye atakayekuwa mkubwa wako. Najua. Kaa chini usome.

Unajua kwamba kazi ya faiba, hizi nyuzi za mtandao, niliianza kwa sururu. Baba yako alikuwa ameshafariki, wewe unatambaa, nami nilikuwa natoka kuchuma chai kule Mponde. Wakaja watu wanaochimba mtaro wa kebo kandokando ya barabara ya kupanda huku, wanataka vibarua. Nikaenda. Mathayo alikuwa msimamizi wetu. Siku ya nne akasimama juu ya mtaro akaniangalia nikitoa kijiwe kwenye kebo kwa vidole viwili, akaniuliza, "Mama, mikono hiyo umeifundishia wapi?" Nikamwambia, kwenye chai, ukichuma vibaya mnyapara anakurudishia kapu. Akasema, "Basi acha sururu. Njoo."

Alinifundisha kila kitu, sitamnyima hilo. Kumenya waya, kuupangusa kwa spiriti, kuukata uwe sawasawa, kuuweka kwenye mashine uchomwe na mwenzake mpaka vioo viwili viwe kioo kimoja. Uzi wenyewe ni wa kioo, mwembamba kama unywele, na humo ndani ndimo wilaya nzima inamoongelea. Wanaume walinicheka wakisema huyu mama wa chai atatukatia mtandao. Mathayo akawaambia wapime jointi, hayo maungio, zangu na zao. Wakapima. Hawakunicheka tena.

Mafundi wana desturi yao ambayo huko kwenye ofisi hutaisikia. Ukimaliza jointi, kabla hujafunga boksi lake na kulishusha ndani ya chemba, lile shimo la kebo, unaandika jina lako ndani ya mfuniko kwa kalamu ya wino mzito. Anayefungua baada ya miaka anajua nani alikuwa hapo. Wenzangu wanaandika jina na namba ya simu. Mimi niliandika Mama Yunisi. Kutoka Mombo mpaka Lushoto, chini ya ardhi, jina lako limejaa. Nilikuwa najivuna nalo, we acha tu.

Sasa ile siku. Ulikuwa chuo, mwaka wa mwisho. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka. Mathayo alinipigia nije kwenye chemba ya pale kona, juu kidogo ya Soni. Nikamkuta na watu wawili wenye buti mpya. Hawakuniamkia. Mimi mtu mzima, nimefika nimelowa, vijana wale wa umri wako wananiangalia kama nguzo! Nilitakiwa kugeuza hapohapo. Mtu anayepanda huku milimani bila salamu, hakuja kwa heri, na hilo nililijua tangu ninanyonya.

Mathayo akanipa kidude, kirefu kama kidole, uzi mmoja unaingia, nyuzi mbili zinatoka. Akasema ni cha kupimia ubora wa mtandao. "Kata hapa, kiweke katikati, huu mmoja uendelee na safari yake, huu wa pili wape hawa."

"Hawa wanaupeleka wapi?"

"Kwenye kabati lao pale."

"Mbona kwenye mchoro halipo?"

Akacheka. "Mama Yunisi, wewe chomea bwana, mvua inatunyeshea."

Nikachomea. Yunisi, ilinichukua muda usiotosha kuivisha maharage. Mtandao wa Lushoto, wa Mlalo, wa Mnazi kule bondeni, wote unateremkia kwenye ule uzi, na kwa muda ule mfupi watu walidhani ni mvua imekata. Uliporudi hakuna aliyegundua kitu. Ukigawa maji ya mfereji, wa chini ataona shamba lake limekauka na atapanda na panga kukuuliza. Ukigawa mwanga, kila mtu anapata simu yake vilevile, na wa pembeni naye anapata yote, neno kwa neno. Kidude kile kilichukua moja ya kumi tu. Moja ya kumi inatosha.

Anayeweza kuiona hiyo moja ya kumi ni mmoja tu, fundi mwenye mashine ya kupimia. Nikapima. Kwenye kioo cha mashine, mstari wangu uliokuwa unateremka taratibu kama barabara ya Mombo ukawa na ngazi. Pale palepale. Na kwenye fomu tunayojaza kwa kila jointi kuna sehemu ya kueleza, mwanga umepotea kwa sababu gani.

Nikamwangalia Mathayo. Akasema, "Andika jointi haikukaa vizuri. Unyevu."

Mimi! Sijawahi kuacha jointi mbovu, labda ile ya kwanza kabisa niliyoifanya nikitetemeka. Nikaandika. Nikaandika kwamba mikono yangu imekosea, nikatia saini, nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika ndani ya mfuniko Mama Yunisi, kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Nilimwamini, mwanangu. Mtu aliyekutoa kwenye sururu, utamwambia unaongopa?

Nikaja kumuuliza baadaye, siku ya mnada wa mavuno pale kanisani, watu wakigombania kabichi na kuku wa sadaka. Nikamvuta pembeni. "Mathayo, kile kidude kinasikiliza watu?"

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Nani atakaa asikilize porojo za wilaya nzima? Watu wanaulizana bei ya viazi usiku na mchana! Ungehitaji masikio mangapi? Na meseji za siku hizi zimefungwa kufuli, hata mwenye kampuni hazisomi. Haiwezekani, Mama Yunisi."

Nikapumua. Ndilo nililokuwa nataka kulisikia, na alijua kwamba nalitaka. Nikanunua kuku nikarudi nyumbani nikiimba.

Lakini lile jibu lilikuwa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe uliyesoma ungeligundua kabla hajamaliza. Mimi nililigundua nikiwa kwenye ofisi ya vifurushi ya basi, nikikutumia zile sweta. Yule dada wa vifurushi hafungui mzigo wa mtu. Anaandika tu kwenye daftari lake: kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, saa ngapi. Akaniambia akicheka, "Mama Yunisi, mimi najua nani ana mchumba Korogwe na nani kaachika, na sijafungua hata bahasha moja." Nilisimama pale na risiti mkononi, nikakikumbuka kile kidude.

Haina haja ya masikio. Mashine kwenye kabati lao inachekecha. Inaacha maneno yapite, inashika nani kampigia nani, lini, wamekaa muda gani, wapi. Hayo ni madogo, yanakaa miaka bila kujaza chochote. Kufuli iko kwenye maneno, bahasha iko wazi. Utaniambia ipo njia ya kufunga hata mwanga wenyewe unaposafiri, bahasha isionekane. Ipo. Kwenye ule uzi haikuwashwa, na mwenye kuamua iwashwe au isiwashwe alikuwa Mathayo, maana alikuwa ameshapanda cheo.

Hata hapo nikanyamaza. Nikasema labda. Labda kweli wanapima ubora.

Unamkumbuka Mwalimu Hatibu wa Mnazi, aliyenifundisha kusoma, aliyekuletea embe siku ulipofaulu? Yeye na wenzake walikuwa na shauri la shamba. Mtu mwenye uwezo alikuwa analitaka shamba wanalolima tangu baba zao, nao wakawa wanapanga, kimya kimya, nani ataongea, nani ataleta barua za zamani. Siku ya kikao wakakuta upande wa yule mtu una karatasi mezani. Namba zao zote. Mwalimu kampigia fulani Jumanne, fulani kampigia fulani, wameongea dakika kadhaa. Hakuna neno hata moja la walichosema, namba na saa tu. Wakaambiwa, tunawajua wote na tunajua mnavyopangana.  Wale wazee wakajua kuna aliyewauza.

Wakaipitia ile karatasi jina kwa jina wakimtafuta. Kila mmoja wao alikuwemo. Aliyekosekana ni mmoja: Saidi, mdogo wake Mwalimu, tumbo moja.

Saidi hana simu. Hajawahi kuwa nayo, anasema inamuumiza kichwa. Yeye akitaka kuongea na kaka yake anatembea mpaka kwake, anakaa, anakunywa chai, wanaongea. Ndiyo maana hakuwemo. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka haulizi, na wao wakasema, mbona yeye tu hayumo? Wakamtoa kwenye shauri. Akaapa, akalia, wapi!

Mimi haya niliyakuta msibani, Mnazi, nilipokwenda kumzika mama wa rafiki yangu. Nikamwona Saidi, mtu mwenye mvi, anamsogelea kaka yake na kofia mkononi, "Shikamoo kaka." Mwalimu akageuza uso. Hakuitikia. Umelelewa huku, huhitaji nikueleze. Watu wote waliangalia chini. Saidi akasimama kidogo, akavaa kofia yake akaondoka. Wiki hiyohiyo akahamia Muheza, sasa anapakia machungwa ya watu sokoni.

Nikamuuliza Mwalimu kulikoni. Akaniambia habari za karatasi. Alipofika pale pa "namba na saa tu, hakuna neno," nikarudisha tonge sahanini. Nilijua. Nilijua palepale, nimekaa kwenye jamvi na sahani ya wali mapajani, ni nani amewauza wale wazee, na jina lake limeandikwa wapi.

Na sikusema. Hapa ndipo ninapoona aibu, mwanangu, na nimeuvuta huu ukurasa mara mbili nikitaka kuuchana. Sikusema kwa sababu wiki ile ndiyo uliyopata barua ya kuahidiwa kazi ukishamaliza chuo. Ulinipigia ukipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Nikapima, Saidi upande huu, wewe upande ule, nikamwacha Saidi aende Muheza. Miezi minane. Usijibebeshe hili hata kidogo, wewe hukuniomba. Nimelibeba mimi na lilikuwa chaguo langu, na lilikuwa baya.

Mwezi uliopita likanishinda. Nikamfuata Mathayo alipokuja kumuona mama yake, nikamwambia yote, Mwalimu, Saidi, karatasi. Nilitegemea akatae. Au alie. Hata angesema na yeye alidanganywa ningemwamini, nilikuwa natamani kumwamini, haki ya Mungu. Alikunywa chai yake taratibu. Akasema:

"Fomu ina saini ya nani?"

Nikamwambia, "Yangu."

"Imeandikwaje?"

"Jointi mbovu."

"Basi. Ikija kuulizwa, kuna fundi aliyeharibu jointi kisha akaficha. Mimi sikuwepo." Akaweka kikombe. "Na binti yetu anaanza kazi lini vile?"

Binti yetu! Alisema hivyohivyo, anatabasamu, kwa sauti ileile ya siku ya sururu. Ndipo nikaelewa kwamba ile siku ya mvua hakuniita kwa sababu mimi ni fundi bora. Aliniita kwa sababu mimi singeuliza mara mbili. Miaka yote ile ya wema, sijui sasa ipi ilikuwa wema na ipi ilikuwa akiba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fomu. Ameniharibia hata kumbukumbu zangu. Naziangalia moja moja, siku aliyokuja na daktari ulipougua, siku aliyonipa mashine ya kwanza, na kila moja naipima kama waya, natafuta ngazi.

Nani alikuwa anapokea ile moja ya kumi, mpaka leo sijui. Hakusema, na wale wa buti sijawaona tena. Kuna kitu kimoja tu nimekijua na nakupa wewe kwa sababu unakwenda kukaa kwenye chumba ambacho nyuzi zote hizi zinaishia. Kuwasikiliza watu wa wilaya nzima inawezekana, tena ni rahisi, inanishangaza hata mimi. Kioo kipo, kabati lipo, mashine ya kuchekecha ipo. Kitu pekee wasichoweza kukitengeneza ni fundi wa kuandika kwamba hakuna kitu. Huyo inabidi wampate akiwa hai, na mara nyingi wanampata kwa kumtendea mema. Mimi walinipata.

Jumamosi ile niliyosema nakwenda kuangalia mahindi, nilikwenda Mnazi. Nilimwambia Mwalimu Hatibu. Nilipiga magoti na yeye hakuniinua. Aliisukuma chai pembeni, kisha akasema, "Mama Yunisi, mimi nilimnyima ndugu yangu marahaba mbele ya maiti." Basi. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Baadaye akasema hawezi kwenda kwa Saidi na maneno matupu, niende naye mimi, na fomu, nimweleze Saidi mwenyewe kwa kinywa changu, halafu twende wote watatu kwa mwanasheria wao wa shauri la shamba.

Nakala ya fomu ninayo. Na jana nilishuka kwenye ile chemba ya kona. Kidude sikukigusa, nikikitoa nitaonekana mwizi anayefuta nyayo, na mwanasheria atakihitaji. Nilipima upya, nikaandika kipimo cha kweli. Halafu nikafungua mfuniko. Jina lako limekaa vizuri, wino haujafifia. Nilitaka kulifuta, nikaona hapana, aliyeandika ni mimi. Nikaandika chini yake: Jointi hii ni nzima. Mwanga unagawanywa hapa. Aliyefanya ni mimi.

Kwa hiyo kesho hatutaagana stendi kama ulivyodhani. Nimekata tiketi, tunateremka pamoja. Segera ndipo mimi nitashuka nishike gari ya Muheza, Mwalimu ananisubiri, na wewe basi linaendelea Dar. Nahesabu kwamba kufikia Jumatatu Mathayo atakuwa amesikia. Inawezekana ukafika ukakuta hakuna kazi. Inawezekana ukaikuta ipo na yeye akawa mtamu kupita kiasi, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Nimekunyang'anya ulichokisomea kabla hujakigusa, na sikukuuliza. Ningekuuliza ungesema nenda mama, nakujua, kisha ungejilaumu maisha yako yote kama mambo yangeharibika. Afadhali unikasirikie mimi.

Ukitaka kushuka na mimi Segera, shuka, mizigo tutaibeba. Ukitaka kuendelea, endelea, na sitakununia hata siku moja. Huko wapo mafundi waaminifu wengi, na kazi ni yako, umeisomea kwa akili zako, si zawadi ya mtu.

Ukimkuta Mathayo, mwamkie. Ni mtu mzima, ni baba yako wa ubatizo, mpe shikamoo yake vizuri na usubiri aitikie. Mapeasi ule mwenyewe. Na siku atakapokusogezea fomu, akitabasamu, mvua ikinyesha au isinyeshe, mwambie unakwenda kwanza kuchukua mashine ya kupimia.

Mama yako.